Kushuka Hadi Mkekani, na Kuinuka

Tangu nistaafu, wanangu, naota miguu. Msicheke. Wenzangu waliostaafu ualimu huota ubao na chaki. Mie nikijilaza baada ya adhuhuri, upepo ukaanza kuyachezea makuti ya paa, miguu huja. Huja bila wenyewe. Goti la mtu wa Ramisi, paja la bibi mmoja wa Gazi, shavu la mguu lililokonda la mtu ambaye jina lake limenipotea. Hupita mbele ya kitanda changu taratibu, kama watu waendao arusini na hawana haraka. Nami huitazama nikasema moyoni: huyu alipona, huyu hakupona, huyu angalipona lakini jamaa zake walimpenda mno.

Nilifanya kazi ya kunyoosha viungo vya watu hospitalini, huku kwetu pwani ya kusini, mpaka mvi zikanijaa. Vijana wa hotelini Diani huita kazi hii fizio. Watu wa Msambweni waliniita Bi Viungo, na hata sasa nikienda sokoni kununua pilipili, muuza pilipili hunyoosha goti kwanza ndipo anyooshe mkono wa chenji. Sina ugomvi naye. Goti lake kweli ni bovu.

Nataka niwaambie kuhusu misuli, nanyi najua mtapiga miayo, kwa sababu mna misuli. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Basi sikilizeni. Misuli huanza kuondoka mapema, ukiwa bado unajiita kijana, ukiwa na watoto wadogo na nguo za mtindo. Huondoka kidogo kidogo wala haiagi. Hutaamka siku moja ukasema, leo paja langu limesafiri. Utaona tu kwamba ngazi ya basi la Likoni imekuwa ndefu, kwamba kifuniko cha chupa kimekuwa kigumu, kwamba watu siku hizi wanatengeneza viti vifupi. Utalaumu mafundi. Mafundi hawana kosa.

Aliyenifunza haya ni Sista Kadzo, Mduruma wa bara kavu kule upande wa Mackinnon Road, aliyekulia nyuma ya mbuzi wa babake. Mwembamba, mrefu, sauti nzito. Mgonjwa mzee akiingia, Sista haangalii faili. Anamkalisha kitini, anamwambia, "Kunja mikono kifuani kama mtu aliyeudhika na mkwewe. Haya, simama." Akisimama bila kutumia mikono, Sista anatabasamu, anamuuliza habari za nyumbani. Akishindwa, Sista anavuta kiti chake karibu, na hapo ndipo kazi inaanza.

"Uso utakudanganya," aliniambia. "Mtu atapaka wanja, atavaa kofia ya viua, atacheka. Wewe tazama anavyoinuka."

Enzi hizo mambo yalikuwa tofauti. Mzee akiugua, ushauri wa kila mtu, kuanzia daktari hadi jirani, ulikuwa mmoja: alale, apumzike. Alilazwa kwa homa ya mapafu, homa ikapona, akarudi nyumbani akibebwa kwa sababu miguu imesahau. Sista Kadzo alikuwa akinung'unika wodi nzima. Aliwainua wazee kitandani siku ya pili, wakiwa bado wanakohoa, na jamaa zao wakamwona mwanamke katili. Siku hizi hospitali zote zinafanya hivyo hivyo alivyofanya yeye, nao wanadhani wameyabuni wao. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nakumbuka pia dereva mmoja wa malori, mtu wa kupiga safari za Lunga Lunga, kifua kama pipa. Alishuka kwenye gari pale mpakani, mguu ukamkataa, akakaa chini mbele ya maafisa na waendesha bodaboda wote. Alikuja kwangu akiwa na hirizi mpya. "Bi Viungo," akasema kwa kunong'ona, "nimekaliwa na jini la paja." Nikamwambia, kwanza twende kwa daktari, maana mguu unaolegea ghafla si wa kufanyiwa mzaha wala kuja kukandwa na mie. Daktari akampima, hakuona la kutisha. Basi nikamwambia, jini lako ni kile kiti cha lori, baba. Umekaa miaka yote hiyo, paja likaona halina kazi, likajiondokea. Alikasirika mpaka akasahau salamu ya kuagana. Lakini alifanya mazoezi, na hirizi akaendelea kuivaa pia, na alipopona aliishukuru hirizi. Haya, afya ni afya.

Lakini mguu unaonijia zaidi kuliko yote nikiwa kati ya usingizi na macho, ni wa Bi Mwanakombo wa Milalani. Huyu nilimpata nikiwa nimeshastaafu, juzi juzi tu.

Alifiwa na mumewe, akaingia eda. Ninyi wa bara mliohamia Ukunda huenda hamjui: mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Mwanawe wa pekee, Hamisi, anafanya kazi Mombasa. Akamleta mkewe, Mwanasiti, aje amtunze mama mpaka eda iishe. Na Mwanasiti alimtunza! Wallahi sijaona mkaza mwana kama yule. Maji ya kutawadha aliletewa kitandani. Chai kitandani. Akitaka kugeuka, anageuzwa. Majirani walikuja kutoa pole wakaondoka wakisifu, kila mmoja akamtamania mwanawe mke wa namna ile.

Eda ilikuwa imefika katikati siku Hamisi aliponipigia simu. Mamake alikuwa ameanguka uani, akielekea choo alfajiri kabla Mwanasiti hajaamka. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Lakini alikaa pale chini mpaka kukapambazuka, hawezi kuinuka, na kuita aliona haya.

Nilifika mchana, jua limetulia juu ya minazi na kijiji kizima kimesinzia. Hata kuku walikuwa wamelala mavumbini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wamekusumbua bure. Mimi nimezeeka tu."

Nikamwomba aketi ukingoni mwa kitanda, akunje mikono, asimame. Kabla hajajaribu, Mwanasiti alikwisha kumshika kwapa la kulia na Hamisi, aliyefika asubuhi ile kutoka Mombasa, la kushoto. Nikawaambia wamwachie. Wakamwachia. Bi Mwanakombo akajisukuma mbele, akajisukuma tena, akabaki pale pale. Nikamgusa paja juu ya kanga. Lilikuwa laini kama mto wa sufi.

Hamisi akanivuta barazani. "Bi Viungo, mimi nimeamua. Eda ikiisha namchukua Mombasa, tutakaa naye ghorofani. Nyumba hii tutaifunga. Hapa peke yake hawezi."

Alisema kwa mapenzi, macho yamemlowa. Lakini niliporudi ndani nilimkuta mamake amegeukia ukutani, na alikuwa amesikia kila neno.

"Mume wangu yuko hapo nyuma ya minazi," akaniambia bila kugeuka. "Kila asubuhi nilikuwa nikimfungulia dirisha. Nikipandishwa ile ghorofa sitashuka ila nimebebwa. Na jambo jingine, mwanangu. Tangu siku za matanga naswali nimekaa kitandani. Nautaka mkeka. Nataka paji la uso wangu liguse chini."

Halafu nikatoka, nikamwambia Hamisi: nipe mpaka siku ya kutoka eda. Siku hiyo, kama mama ataweza kushuka mkekani na kuinuka mwenyewe, na kwenda choo na kisimani mwenyewe, umwache kwake. Kama hawezi, mchukue, nami nitakusaidia kufunga mabegi. Hamisi akaitazama barabara, akanitazama mie. "Sawa," akasema, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto.

Sasa tegeni masikio, maana hapa pana ujuzi. Watu wengi wakitaka kumfunza mzee kuinuka, humvuta mikono. Hilo halijengi kitu, labda misuli yako wewe unayevuta. Kuinuka hufunzwa kwa kushuka. Unashuka polepole, paja linakamata uzito njia nzima, na huko kukamata ndiko kunakoliamsha. Na hushuki mbali siku ya kwanza. Nyumba yoyote ya Kidigo ina ngazi kamili ya kazi hii, hakuna haja ya mashine za hotelini. Kuna kitanda cha kamba, kirefu. Kuna kiti cha plastiki. Kuna kigoda. Kuna mbuzi ya kukunia nazi, iliyo chini kabisa, na mwisho kuna mkeka. Tulianza na kitanda na mto juu yake. Kaa taratibu, usijitupe kama gunia. Simama. Pumzika. Tena. Akilizoea hilo, tunautoa mto. Akikizoea kitanda, tunahamia kitini. Katikati tulimshikisha mlango anyanyue visigino, na nikampa kidumu cha maji, robo tu, akibebe kutoka mtungi mpaka dirishani, kila akizoea tunaongeza. Kutembea ni kuzuri, lakini msuli unataka mzigo. Usipoubebesha kitu unaona huna shughuli nao.

Na chakula! Ala! Mnaona wazee wetu wanavyokula? Sinia ikawekwa, wali, mchuzi, changu mzima mnene. Bi Mwanakombo akavuta wali na mchuzi, samaki akamsukumia Mwanasiti. "Kula, mama, wewe ndiye unayefanya kazi." Mwanasiti akamrudisha. Bibi akamsukuma tena. Yule samaki alisafiri kuliko mimi. Nikamgawa mwenyewe katikati, nikakaa mpaka kila mmoja amekula chake. Asubuhi ilikuwa chai ya rangi na mkate, basi. Nikaingiza yai, nikaingiza kunde, jioni dagaa. "Mchuzi wanitosha" ni maneno ya upendo ya wazee wetu, nami nayaheshimu, lakini mchuzi haujengi paja.

Siku zikawa zinapita kwa ule mwendo wa nyumba ya eda, ambapo saa haijulikani. Tasbihi, kikohozi, sauti ya ufagio wa jirani. Bi Mwanakombo akishuka, akiinuka, akihema, akinong'ona bismillahi kila akikalia kiti. Wakati mwingine aliongea na marehemu. "Unaniona nilivyokuwa mtoto?" Nami nikageuza uso nikajifanya natazama dari. Tukafika kigodani. Tukaanza kuikaribia mbuzi.

Ndipo jirani mmoja akaja kutoa pole bila kubisha hodi ya kutosha. Akamkuta mjane, mkwe wa watu, anavuka chumba na kidumu cha maji, jasho linamtiririka, na mkaza mwana amekaa anachambua kunde. Jirani hakusema neno. Alisema njiani. Kufika magharibi Milalani nzima inajua kwamba Mwanasiti anamchotesha mkwewe maji ndani ya eda.

Kesho yake nilipoingia, kigoda hakuna. Mbuzi hakuna. Bi Mwanakombo amelazwa juu ya mito, na Mwanasiti yuko mlangoni, macho mekundu.

"Bi Viungo, basi," akasema. "Inatosha."

"Vitu viko wapi, mwanangu?"

"Nimevifungia stoo. Wananiita muuaji. Na hata kama wasingeniita." Sauti ikamkatika. "Mamangu mimi alikufa Vanga, nami niko Mombasa. Sikumshika hata mkono. Sikumpa hata maji. Huyu Mungu amenipa nimshike, halafu nikae nimtazame anavyotetemeka? Siwezi! Mimi si jiwe!"

Mie mdomo wangu ni mkali, mnajua. Siku hiyo nilimshika mkono. Nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa na haki yake. Ukitaka kujua kwa nini wazee wetu wanalegea mapema, usitafute wavivu wala wakorofi. Tafuta nyumba yenye adabu, yenye mtoto mwema asiyeweza kumtazama mamake akihangaika.

Nilimwambia tu, "Tumuulize mwalimu kuhusu eda, kama hilo linakutisha." Mwalimu wa madrasa akaulizwa kwa simu, akajibu bila hata kufikiri: eda inamweka nyumbani na kumkataza mapambo, haijamkataza kuinuka. Mwanasiti akaitikia kwa heshima, lakini hakwenda kuchukua ufunguo. Hofu yake haikuwa ya dini.

Aliyeyamaliza ni Bi Mwanakombo mwenyewe, kutoka kule kwenye mito.

"Mwanasiti. Njoo hapa." Akaenda, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mamako angekuwa hai, ungempa nini?"

"Chochote, mama. Chochote."

"Basi mie nisiye mamako nakuomba kimoja. Niache nihangaike. Ukinishika sana, mwanangu, nitakufia mikononi mapema, na hapo utalia mara ya pili."

Walilia wote wawili. Nilitoka nikasimama uani, nikayatazama makaburi nyuma ya minazi, na jua lile la mchana likanifanya nione kila kitu kama kiko ndani ya maji. Niliposikia chuma cha mlango wa stoo kikilia, nikarudi ndani.

Wiki zile za mwisho Mwanasiti ndiye aliyekuwa mwalimu kuliko mimi. Alikaa kigodani, mbuzi akamwachia mkwewe, wakawa wanakuna kwa zamu na kuteta habari za watu. Majirani walipochungulia aliwaambia, "Karibuni, zamu ya mama imefika." Wengine walinuna. Mmoja, mtu mzima, aliketi akaomba ajaribu kuinuka kwenye mbuzi, akashindwa, wakacheka wote mpaka marehemu akasahaulika kidogo. Chooni na kwenye kisima cha uani alikwisha kuzoea kwenda mwenyewe. Lakini mkeka, wanangu, mkeka ulikuwa jambo jingine. Alishuka, ndiyo. Kuinuka alifika kwenye goti moja, akatikisika, akaketi tena. Kila siku goti moja. Mpaka siku ya mwisho mimi sikumwona akisimama kutoka mkekani peke yake, na sitawadanganya, nililala usiku ule nikiwa nimeshamfungia mabegi moyoni.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa. Akaogeshwa, akavikwa kanga mpya, udi ukafukizwa kwa mara ya kwanza tangu msiba, nyumba ikanukia tena kama nyumba. Gari la Hamisi lilikuwa limesimama nje, limefunguliwa nyuma. Tukakaa mkekani, Bi Mwanakombo katikati, dua ikasomwa ndefu, tamu, watu wakawa wanasinzia na kuitikia amina. Kisha ikaisha. Wanawake wa kwetu mnawajua, kabla ya amina ya mwisho mikono yote ilikwisha kunyooshwa kumnyanyua mjane. Kushoto, kulia, mgongoni.

"Mwacheni," sauti ikasema.

Si mimi niliyesema. Mie nilikuwa mlangoni; sauti ilikuwa ya Mwanasiti.

Mikono ikarudi. Bi Mwanakombo akageuka upande, akaweka viganja mkekani, akapata magoti yote mawili. Akaleta mguu mmoja mbele. Akatikisika. Nikaona paja likikaza chini ya kanga ile mpya, likilegea, likikaza. Hamisi, kwa nje ya dirisha lililofunguliwa nusu, akafumba macho. Bibi akaweka mkono juu ya goti lake mwenyewe, akasema bismillahi kwa sauti ya kuudhika kabisa, akasimama.

Vigelegele vikapasua paa. Yeye hakuvijali. Alipita katikati ya wanawake mpaka dirishani, akalisukuma likafunguka, akamtazama mwanawe.

"Hamisi. Hilo gari lako lina nafasi, mpeleke mkeo kwake akapumzike. Mimi nina swala."

Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Mie nilimtazama Mwanasiti. Alikuwa amesimama hatua moja tu nyuma ya mkwewe, machozi yanamshuka, na mikono yake ameifunga nyuma ya mgongo, mmoja umeukamata mwingine kwa nguvu zake zote, usije ukamponyoka.